Uso Uliorefushwa: Uwiano na Hifadhi katika Nyumba Namba 20, St James's Square, London

Mjadala kuhusu nyumba za kale zilizogeuzwa ofisi aghalabu huanzia kwenye mapambo: je, dari limesalia? Milango ya awali ingalipo? Makala haya yanahoji kwamba maswali hayo yanaweza kujibiwa vizuri huku kiini cha jengo kikipotea.

Nyumba Namba 20 ilisanifiwa na Robert Adam kwa ajili ya Sir Watkin Williams-Wynn, mwinyi wa Wales aliyependa muziki, na ikajengwa kati ya 1771 na 1774. Kiwanja kilikuwa chembamba kwa mbele na kirefu kwenda nyuma, kikibanwa na majirani. Adam alikifanya kikwazo hicho kuwa msingi wa kazi yake. Kwa nje, nguzo bapa za Kikorintho zilizopanda juu ya matao ya ghorofa ya chini ziliupa uso huo mwembamba haiba ya kasri. Kwa ndani, mgeni aliongozwa chumba hadi chumba, kila kimoja na umbo lake. Na katikati, ambapo mwanga wa barabarani haufiki, ngazi kuu ziliangazwa kutoka juu. Mshangao wake ulitokana na kwamba, akiwa nje, hakutarajia nafasi kama ile.

Katika miaka ya 1930 nyumba iliingia mikononi mwa Distillers Company, kampuni ya pombe kali, ikawa makao yake makuu. Vyumba vya Adam havikuvunjwa. Hata hivyo, jengo la Namba 21 liliondolewa, na wasanifu Mewès and Davis wakaurefusha uso wa Adam hadi kukifunika kiwanja hicho, kwa mtindo uleule. Kazi ilifanywa kwa ustadi, na hapo ndipo penye tatizo. Mwigo mbaya ungejifichua wenyewe. Huu umezika mpaka kati ya karne mbili. Urasimi Mpya ni uwiano kabla ya kuwa pambo: nguzo iliyokuwa jibu kwa ufinyu inapoenezwa kwenye upana haina tena swali la kujibu.

Watetezi wa ugeuzaji huo wana hoja nzito. Norfolk House, katika uwanja huohuo, ilibomolewa 1938 ili kupisha ofisi; chumba chake cha muziki sasa kimo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Bila mnunuzi mwenye fedha, Namba 20 ingeweza kufikwa na yaleyale. Lakini nayo ilikwisha kupungukiwa: kinanda ambacho Adam alikisanifu kwa ajili ya chumba chake cha muziki kiko katika makumbusho ya taifa, Cardiff.

Kwa anayeandika masharti ya vibali, kasoro iko mahali mahususi. Sharti la “kulinda uso wa jengo” lisilotaja upana wake lingeridhishwa kikamilifu na kilichofanyika hapa. Mshono mmoja ulioachwa wazi ukutani, au jiwe la rangi tofauti kidogo pale Namba 20 inapokoma, ungetosha kumwonyesha mpita njia nyumba aliyoijenga Adam.