Paka, Ung'ongo na Maji Baridi: Juu ya Kulinganisha Methali za Kifaransa na za Kiingereza

Wanaofunza methali za Ulaya wana mazoea ya tangu zamani. Ukurasa hugawanywa safu mbili, Kifaransa kushoto na Kiingereza kulia, na kila methali ya upande mmoja hutafutiwa mwenzake wa upande wa pili. Zana hii ina nasaba ndefu. Erasmus alichapisha mkusanyo wake wa kwanza wa semi za Kigiriki na Kilatini mjini Paris mwaka 1500, na kufikia kufa kwake mwaka 1536 semi hizo zilikuwa zimepita 4,000. Randle Cotgrave alipotoa kamusi yake ya Kifaransa na Kiingereza mwaka 1611, alizipanga methali za Kifaransa chini ya vidahizo vyake na kuzieleza kwa Kiingereza. Mwaka 1659 James Howell alichapisha mkusanyo uliojumuisha methali za Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania na Kiwelshi. Jedwali la ulinganifu, kwa hiyo, halikuzaliwa na uvivu wa walimu wa siku hizi. Lilizaliwa na wasomi wenye bidii, walioamini kwamba hekima ni moja na lugha ni vazi lake tu. Dai linalotolewa hapa ni kwamba imani hiyo imepotosha usomaji wa methali, na kwamba hasara yake imekifikia Kiswahili, ambacho methali zake nchini Kenya husomwa mara nyingi kupitia dirisha la Kiingereza.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa woga unaozaliwa na maumivu. Wafaransa husema "Chat échaudé craint l'eau froide": paka aliyewahi kumwagikiwa maji ya moto huogopa hata maji baridi. Katika safu ya pili huandikwa "Once bitten, twice shy", yaani aliyeumwa mara moja huwa na hadhari maradufu, au ile ya kale zaidi, "A burnt child dreads the fire", mtoto aliyeungua huogopa moto, ambayo imo tayari katika kitabu cha methali cha John Heywood cha mwaka 1546. Kwa mtazamo wa juu juu hapana tofauti: kiumbe ameumia, sasa anaogopa. Lakini hebu itazamwe shabaha ya woga wenyewe. Mtoto wa Kiingereza anaogopa moto, na moto kweli huunguza. Woga wake ni elimu. Paka wa Kifaransa anaogopa maji baridi, ambayo hayakumdhuru wala hayatamdhuru. Methali ya Kiingereza humsifu aliyeumia kwa kuwa amejifunza. Ya Kifaransa humhurumia, na pengine humcheka kidogo, kwa kuwa amejifunza kupita kiasi.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, tena si kwa kulazimishwa. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka" ni methali iliyo karibu na ya Kifaransa kuliko ya Kiingereza. Ung'ongo ni utepe wa jani tu. Hauna jino wala sumu. Anayeushtukia ana sababu ya kushtuka, ila hana sababu ya kuuogopa, na utamu wote wa methali umo katika pengo hilo baina ya sababu mbili. Mwanafunzi wa Kenya aliyefunzwa kwamba methali hii "ni" "Once bitten, twice shy" amepokonywa pengo hilo. Mfikirie mhakiki anayeisoma tamthilia ambamo mjane aliyeteswa na mume wa kwanza anamkataa mchumba mwema, na mhusika mwingine anaitaja methali ya nyoka na ung'ongo. Akiisoma kwa miwani ya Kiingereza, mhakiki ataandika kwamba mtunzi anausifu uangalifu wa mjane. Akiisoma kama ilivyo, ataona kwamba mtunzi anaonyesha jeraha ambalo bado linamtawala mwanamke na kumfanya amdhulumu asiye na hatia. Hizo ni tamthilia mbili tofauti. Mwalimu wa Lubumbashi, ambaye lugha yake ya shule ni Kifaransa, angeielekea tafsiri ya pili bila taabu, kwa sababu tu paka wa Kifaransa angemtangulia njiani. Kwamba maana ya methali moja ya Kiswahili iweze kutegemea mkoloni alikuwa nani ni jambo linalostahili kuwasumbua wahakiki zaidi ya linavyowasumbua.

Tofauti za aina hii hazionekani mahali penye taswira za kuogofya tu. Kuhusu pupa, Wafaransa wana "Il ne faut pas vendre la peau de l'ours avant de l'avoir tué", usiuze ngozi ya dubu kabla hujamwua. Waingereza wana "Don't count your chickens before they are hatched", usihesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa. Jedwali huzifunga pamoja kwa kamba moja: usitegemee lisilokuwapo. Anayehesabu vifaranga, hata hivyo, yu peke yake na ndoto zake. Mayai yakiharibika atasikitika, basi. Anayeuza ngozi ana mnunuzi. Amepokea fedha au ameahidi, na dubu asipokufa huyo muuzaji ni mdeni, pengine ni tapeli. La Fontaine aliitambua vema sehemu hii: katika ngano yake ya dubu na maswahiba wawili, iliyotoka mwaka 1668, wawili hao wanaohitaji fedha wanamwuzia jirani yao mfanyabiashara wa ngozi kitu ambacho bado kinatembea msituni kwa miguu yake. Kosa analolikemea Mfaransa ni la mkataba. Alilokemea Mwingereza ni la hesabu ya moyoni.

Linalozidi kuvutia ni kwamba Waingereza nao walikuwa na dubu huyo. Mwanzoni mwa karne ya 18 mawakala wa hisa wa London waliokuwa wakiuza hisa wasizokuwa nazo, kwa kutumaini kuzinunua kwa bei nafuu baadaye, waliitwa wachuuzi wa ngozi ya dubu, na kutokana nao soko linaloshuka limeitwa soko la dubu hadi leo. Methali ilitoka kinywani mwa watu ikaingia sokoni, ikaacha kuonya ikaanza kutaja kazi. Vifaranga wakarithi nafasi iliyobaki wazi. Jedwali haliwezi kusimulia historia hiyo kwa kuwa jedwali halina wakati. Kila kilichomo kinasimama kana kwamba kimekuwapo daima. Kiswahili, kwa upande wake, kinapokataza kukata mbeleko kabla ya mtoto kuzaliwa, hakizungumzii biashara wala hesabu. Kinazungumzia uzazi, ambao hauna mwenye kuumiliki, na onyo lake lina harufu ya mwiko ambayo dubu na vifaranga hawana.

Mfano wa tatu ni mfupi lakini ni mkali. Mtu asiyeonekana husahaulika: Wafaransa husema "Loin des yeux, loin du cœur", mbali na macho, mbali na moyo; Waingereza husema "Out of sight, out of mind", nje ya upeo wa macho, nje ya fikira. Mmoja analalamikia mapenzi yanayopoa, mwingine kumbukumbu inayofifia. Mpenzi wa Kifaransa aliyesahauliwa ameachwa. Mwenzake wa Kiingereza huenda amesahauliwa tu kama mwavuli uliobaki garini. Waingereza wenyewe yamkini waliliona pungufu hilo, kwani wanayo pia methali inayodai kinyume, kwamba kutokuwapo huzidisha mapenzi, na ndani yake moyo umerejea. Waswahili husema "Asiyekuwapo na lake halipo". Hapa hapana moyo wala fikira. Pana fungu, haki, sauti katika kikao. Aliyekosekana hakusahauliwa hata kidogo. Wote wanamkumbuka vizuri, na ndiyo sababu wanagawana chake kwa haraka.

Haifai kudai kwamba ulinganifu ni batili daima. Ziko methali ambazo ni ndugu wa tumbo moja. "Tout ce qui brille n'est pas or" na "All that glitters is not gold" zina asili ya pamoja katika Kilatini cha zama za kati, na Kiswahili kimeipokea hekima hiyo hiyo kwa kusema si vyote ving'aavyo ni dhahabu. "Qui ne dit mot consent" na "Silence gives consent" zinarejea kwenye kanuni ya sheria ya Kanisa, iliyowekwa katika mkusanyo wa Papa Boniface VIII wa mwaka 1298, kwamba anyamazaye huhesabiwa amekubali. Katika mifano kama hii mwenye jedwali hana kosa. Ametaja undugu uliopo. Hata hivyo ndugu wa tumbo moja nao huachana. Zama hizo za kati zilifunza kwamba upendo huanzia kwa mtu mwenyewe, na Mfaransa ameihifadhi nafsi hiyo: "Charité bien ordonnée commence par soi-même". Kwa Kiingereza nafsi imegeuka nyumba: "Charity begins at home". Tajiri Mwingereza anayewanyima majirani kwa kutaja methali hii anaweza kujificha nyuma ya mke na watoto. Mfaransa hana pa kujificha. Na kuhusu kimya, Mswahili anayesema "Kimya kingi kina mshindo mkuu" hajakubali chochote. Anaonya kwamba anayenyamaza huenda anajiandaa.

Jedwali lina kasoro nyingine ambayo wahakiki wa fasihi hawana udhuru wa kuisamehe, nayo ni uziwi. Katika "Qui vole un œuf vole un bœuf", anayeiba yai huiba ng'ombe, majina ya yai na ng'ombe yanatofautiana kwa konsonanti moja tu. Ndiyo hoja yenyewe. Methali haithibitishi kwa mantiki kwamba mwizi mdogo atakuwa mwizi mkubwa. Inamfanya msikilizaji ausikie ukaribu wa yai na ng'ombe kabla hajapata nafasi ya kuubisha. Makusanyo ya Kiingereza ya karne ya 17 yana methali inayosema hayo hayo neno kwa neno, kwamba atakayeiba yai ataiba na ng'ombe. Tafsiri ni sahihi, maana imehifadhiwa, na leo ni nadra kumpata Mwingereza anayeitumia, kwa sababu katika lugha yake yai na ng'ombe havina udugu wowote wa sauti. Lakini "Haste makes waste" ingali hai, kwa siri ile ile inayoiweka hai "Haraka haraka haina baraka". Mtu angeweza kusema kwamba methali hizi mbili, za Kiingereza na Kiswahili, zinalingana kwa masikio kuliko kwa maana, maana kupoteza mali si sawa na kukosa baraka.

Nahau hazihitaji kukaliwa sana, kwa kuwa ndani yake udhaifu wa zana hii umekwisha kukubaliwa na wote. Hakuna anayedhani kwamba Mfaransa "anayevunja kiko chake" na Mwingereza "anayepiga ndoo teke" wanafanya kazi moja, ingawa wote wawili wamekufa. Inatosha kutaja jozi moja ya kuchekesha. Anayeondoka karamuni bila kuaga, kwa Kiingereza amechukua ruhusa ya Kifaransa. Kwa Kifaransa huyo huyo ametoroka kwa mtindo wa Kiingereza, "filer à l'anglaise". Nahau ya Kiingereza inaonekana katika maandishi ya karne ya 18, ya Kifaransa katika karne ya 19. Kamusi huziweka sambamba na kuandika maana moja. Maana ni moja kweli. Tusi ndilo lililogeuka, na tusi ni sehemu ya kinachosemwa.

Hata ndani ya lugha moja maana haitulii. Mwaka 1973 mtafiti wa fasihi simulizi Barbara Kirshenblatt-Gimblett alionyesha, kutokana na majibu ya wanafunzi wa chuo kikuu huko Texas, kwamba "A rolling stone gathers no moss" ilifahamika kwa njia zinazopingana. Wengine walisema jiwe linalobingirika halipati ukungu wa kijani, yaani mtu asiyetulia hakusanyi mali. Wengine walisema ukungu ni uchafu na uzee, hivyo heri kubingirika. Wafaransa wana jiwe hilo hilo, "Pierre qui roule n'amasse pas mousse", nao wamezoea kulisoma kama onyo. Jedwali likiandika alama ya usawa kati ya mawe haya mawili, halina budi kuulizwa ni Mwingereza au Mmarekani yupi aliyeulizwa maana.

Kuhusu swali hilo uzoefu wa Jean Paulhan una uzito. Paulhan alikaa Madagaska kuanzia 1908 hadi 1910, akajifunza Kimalagasi, na mwaka 1913 akachapisha kitabu juu ya hain-teny, mashairi ya malumbano yaliyojaa methali. Katika insha aliyoitoa mwaka 1925 alieleza jinsi yeye mwenyewe alivyojaribu kutumia methali katika mazungumzo na wenyeji. Alizijua maana zake. Maneno aliyasema sawasawa. Lakini methali zilipotoka kinywani mwake hazikuwa na nguvu. Zilisikika kama sentensi za kawaida, huku zikitoka kwa mzee wa Kimalagasi zilimaliza ubishi. Paulhan hakukosa jedwali; alikuwa nalo kichwani, tena kamili. Alichokosa ni yale ambayo vitabu vya methali, vya Paris na vya London, na vya Nairobi vinavyoviiga, havijawahi kuvitengea safu: nani humwambia nani, baada ya neno gani, na yule aliyeambiwa hujibu nini.