Fungu la Mhandisi Mchanga

Watu wengi hudhani kwamba furaha ya mhandisi hukaa mwishoni mwa kazi, siku ile utepe unapokatwa, hotuba zinaposomwa na jina la mgeni rasmi linapoonekana limechongwa katika jiwe. Na kijana aliyetoka chuo kikuu na shahada yake, akipelekwa uwanjani kuhesabu mifuko ya saruji na kupima nafasi baina ya nondo, huingiwa na simanzi kwa kuona kwamba elimu ya miaka minne imemfikisha kwenye shughuli ambayo, kwa dhana yake, hata asiyejua hesabu za mihimili angeitenda. Nampenda kijana huyo, na kwa hiyo napenda kumtetea mbele ya nafsi yake mwenyewe: fungu alilopewa ndilo lenye ladha kuliko yote katika uhandisi, maana yeye hukutana na kitu chenyewe, ilhali wakubwa wake aghalabu hukutana na habari zake tu katika karatasi.

Tulitazame zege. Likitoka katika mashine, kabla ya kumiminwa, kijana huweka chini bamba la chuma, husimamisha juu yake koni ya bati yenye kimo cha milimita 300, huijaza kwa matabaka matatu, na kila tabaka hulishindilia mara 25 kwa ufito wa chuma. Kisha huinyanyua koni taratibu, na kupima zege limeshuka kiasi gani lilipoachwa lisimame lenyewe. Baada ya hapo hujaza kalibu za mchemraba, na vile vipande vya zege vikishikana huhifadhiwa majini, vingine vivunjwe kwa mashine siku ya 7 na vingine siku ya 28, ili ijulikane vilistahimili mzigo gani. Amali hii haina fahari, huchafua viatu na kuchosha kiuno, lakini ndani yake imo sayansi nzima: maji yanayozidi haja ya saruji hukauka na kuacha vitundu visivyoonekana kwa jicho, na kwa kadiri vitundu vinavyozidi ndivyo nguvu inavyopungua. Duff Abrams alilitangaza jambo hili huko Chicago mwaka 1918, baada ya majaribio mengi mno, nalo lingali likitawala kila nguzo inayosimamishwa leo Dodoma au Mombasa.

Sasa, wanaomimina zege hupenda maji mengi, na sababu yao ni ya haki, kwa kuwa zege jepesi huteremka lenyewe na mgongo haupati adha. Hapo ndipo kijana hujaribiwa kwa mtihani ambao chuo hakikumpa. Mbele yake yupo fundi mwenye umri wa baba yake, aliyemwaga zege kabla yeye hajazaliwa, naye inampasa kusema, "Samahani, mzee wangu, maji tusiongeze, naomba tuilete vaibreta ilishindilie," aseme kwa staha isiyopungua na kwa msimamo usiotikisika. Akilitamka neno hilo kwa ghururi, atatiiwa siku moja na kufichwa mambo mwaka mzima. Akilitamka kwa adabu na kulieleza, fundi atamwambia na yeye mambo yasiyo vitabuni: jinsi sauti ya sepetu inavyobadilika mchanganyiko unapokuwa mkavu, na jinsi mchanga uliolowa kwa mvua ya usiku unavyoleta maji ambayo hakuna aliyeyapima. Nathubutu kusema kwamba kukua katika kazi huanza hapo, katika kufundishwa na mtu ambaye kwa cheo uko juu yake na kwa maarifa uko chini yake.

Wala sisemi haya ili kumnyima mtu haki yake. Mshahara mdogo si neema, na mwajiri anayechelewesha malipo ya vijana huku akiwasifia ari yao huwatendea dhuluma. Furaha ninayoisifu haipaswi kuuzwa badala ya ujira. Ni kitu kingine, nacho humfika mtu pale matokeo ya siku ya 28 yanapoletwa, na tarakimu zikathibitisha lile ambalo mkono wake ulilihisi asubuhi ile ya kumimina.

Akiwepo anayedhani kwamba vipimo vya mdogo ni vidogo kama cheo chake, na ayazingatie yaliyotokea Kanada mwaka 1907, katika mto Saint Lawrence karibu na mji wa Quebec. Lilikuwa likijengwa daraja la chuma ambalo uwazi wake wa kati ulikusudiwa kufika futi 1,800. Mhandisi mshauri alikuwa Theodore Cooper, mzee mwenye sifa kubwa, aliyekaa New York na ambaye hakufika uwanjani tangu vyuma vilipoanza kupandishwa. Macho yake kule yalikuwa kijana Norman McLure, aliyehitimu Princeton miaka michache tu kabla. Mwezi wa Agosti McLure aliona mihimili ya chini, ile inayobeba mkandamizo, ikianza kupinda. Akapima, akaandika, akapima tena, na mhimili uliokuwa umepinda robo tatu ya inchi ukaonekana umepinda inchi mbili. Wakubwa wengine walishikilia kwamba vyuma vilitoka kiwandani vimekwisha kupinda. Yeye hakuridhika, akapanda treni kuzipeleka habari New York kwa mkono wake. Mchana wa tarehe 29 Cooper alipeleka telegramu kwa kampuni ya chuma huko Phoenixville, Pennsylvania, kwamba mzigo usiongezwe darajani. Amri ile haikupelekwa uwanjani. Jioni ile ile, watu wakikaribia kuacha kazi, daraja likaanguka, na watu 75 wakafa, 33 kati yao wakiwa Wamohawk, watu wa asili wa Kanada, kutoka Kahnawake. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba uwazi ulipoongezwa kutoka futi 1,600, uzito wa daraja haukuhesabiwa upya ipasavyo. Hivyo hesabu ya wakubwa ilikosa, na rula ya kijana ikasema kweli.

Nikikisoma kisa hiki, simlilii McLure kwa udogo wa cheo chake. Nawalilia watu wa mtoni kwa urefu wa njia iliyokuwapo baina ya jicho lililoona na mdomo uliokuwa na amri. Njia kama hiyo ipo pia katika malezi ya mhandisi. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na tangu 2003 ina mpango wa mafunzo ya vitendo wa miaka 3, ambamo mhitimu hufanya kazi chini ya uangalizi wa mhandisi aliyekomaa, akiyaandika daftarini aliyoyatenda, kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Naona mpango huo ni hidaya kubwa; lakini faida yake yote hutegemea kama mlezi anamjua kijana kwa kazi au kwa mwandiko tu. Kwa hiyo namsihi kila mhandisi mkubwa ambaye sahihi yake inangojewa katika daftari hilo: kabla ya kuitia, avae viatu vya kazi, aende na mwandishi wa kurasa zile mpaka kwenye boriti aliyoitaja, na amwambie aipime tena hapo, wote wawili wakitazama.