Kontratena wa Katanga

Kontratena ni mwanamume anayeimba juu kabisa, mahali ambapo masikio hutarajia sauti ya mwanamke. Sauti hiyo siyo ile anayoitumia kuzungumza. Nyuzi za sauti huvutwa zikawa nyembamba, zikatetemeka kwenye kingo tu, na pumzi hutoka kwa kipimo kutoka chini ya mbavu. Ikizidi, sauti hupasuka, ikipungua, hufifia. Wapo wanaodhani kwamba siri ni kubana koo, lakini koo lililobanwa halifiki mwisho wa wimbo hata mmoja wa Handel.

Serge Kakudji, aliyezaliwa mwaka 1989 Kolwezi, Katanga, kusini mwa Kongo-Kinshasa, ni mmoja wa Waafrika wachache walioifanya sauti hiyo kuwa kazi ya maisha. Opera aliijua utotoni kupitia televisheni, akaanza kuiiga; masomo ya Ulaya yalikuja baadaye. Sikio lilimtangulia mwalimu.

Sikio hilo lilikulia mahali pake, Katanga. Anayetua Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, akakaa mjini hadi Jumapili, atasikia kwaya za parokia zikigawana sauti nne kwa ustadi usiohitaji kusifiwa na mgeni. Joseph Kiwele (1912–1961), mwana wa Mpala kando ya Ziwa Tanganyika, alitunga Missa Katanga. Kule Kamina, padre Guido Haazen na kwaya yake waliimba Missa Luba, iliyorekodiwa mwaka 1958: Kilatini cha misa juu ya ngoma za Kiluba. Basi Kilatini na ngoma vilikwisha kuketi benchi moja zaidi ya miaka thelathini kabla Kakudji hajazaliwa.

Nyimbo nyingi anazozipenda kontratena ziliandikiwa waimbaji waliohasiwa wangali wavulana. Giulio Cesare ya Handel, London 1724, ilitungwa kwa ajili ya mmoja wao, Senesino; Orfeo wa Gluck, Vienna 1762, aliimbwa na mwingine, Guadagni. Ukatili huo ulipokoma, nyimbo zilibaki bila wenyewe, hadi Mwingereza Alfred Deller alipoirudisha jukwaani sauti ya kontratena katika karne ya 20.

Kakudji alizichukua akazileta nyumbani. Baada ya kuimba katika pitié!, onyesho la Alain Platel na Fabrizio Cassol (2008), ilikuja Coup Fatal, iliyoonyeshwa kwanza Vienna mwaka 2014. Humo nyimbo za Handel, Monteverdi na Gluck zinapigiwa gitaa la Rodriguez Vangama, likembe (kinanda kidogo cha vidole gumba) na balafoni na wanamuziki wa Kinshasa, mbele ya pazia la maganda ya risasi lililobuniwa na Freddy Tsimba. Mlio wa likembe hufa upesi, haumbebi mwimbaji kama fidla inavyombeba. Mstari mrefu wa Handel unabaki juu ya pumzi yake peke yake. Hapo hakuna pa kujificha, na ufundi wa Kakudji unasikika wazi kuliko katika okestra kamili. Anayetaka kumsikia kwa mara ya kwanza aanze na kazi hiyo.