Imani, Hoja, Amri: Sauti Tatu za Azimio la Arusha

Azimio la Arusha limejadiliwa sana kama siasa, lakini ni nadra kusomwa kama maandishi. Ubishi juu ya ujamaa uliotangazwa humo, kwamba ulijenga taifa au uliangusha uchumi, hauishi. Hata hivyo hati hiyo, iliyopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha Tanzania, mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari, ina ufundi unaostahili kufuatwa kifungu kwa kifungu. Anayeifuata hivyo ataona kwamba nguvu yake na udhaifu wake vyote vimo katika umbo lake.

Sauti ya kwanza ni ya imani. Sehemu ya hati yenye sauti hiyo ina vifungu 9 vilivyofumwa kwa muundo mmoja, kama ukiri wa waumini. Tazama nani anatajwa katika kila kimoja. Vifungu vya mwanzo vinamhusu mtu mmoja: usawa wake, heshima yake, uhuru wake wa kusema na kuabudu, ulinzi wa maisha na mali yake, malipo ya haki kwa jasho lake. Cha saba kinawataja raia wote kwa pamoja, wenye utajiri wa nchi kama amana ya vizazi vijavyo. Katika viwili vya mwisho mtendaji ni dola, nayo inakabidhiwa njia kuu za uchumi.

Hapo historia ndefu ya fikra za Ulaya imebanwa katika ukurasa mmoja. Nusu ya kwanza inatukumbusha Tamko la Haki za Binadamu na Raia la Ufaransa la 1789. Tamko lile, katika kifungu chake cha 17 na cha mwisho, linaifunga mali ya mtu binafsi kwa ulinzi mtakatifu. Nyerere, Rais wa Tanzania na mwandishi wa Azimio, aliyesoma Edinburgh kati ya 1949 na 1952, anaitaja mali hiyo katikati na kupita, kisha anamalizia pale ambapo Marx na Engels waliipeleka Ilani yao ya 1848: uchumi mikononi mwa dola. Matendo nayo hayakuchelewa, kwani tarehe 6 Februari mabenki yalitaifishwa.

Sauti ya pili, ya hoja, ndiyo tamu zaidi. Sehemu ya kujitegemea inaanza kama mchezo wa kuigiza: mbunge anasimama kuuliza Serikali ina mpango gani wa barabara, maji, shule na hospitali, na kila mara jibu ni fedha. Neno hilo linarudiwa mpaka msomaji mwenyewe anaanza kulichoka, na papo hapo mwandishi analigeuzia kibao. Kisha anahesabu saa za kazi. Mwanamke wa kijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na mwanamume wa kijijini anakemewa waziwazi kwa uvivu wake. Ni hati chache za chama chochote duniani zilizothubutu kuwakaripia wafuasi wake wenyewe.

Sauti ya tatu ni amri. Sentensi zinafupika na lugha inakauka. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi hapa ni pamoja na mke au mume wake, ili mlango wa uani nao ufungwe. Msomaji wa Kiembeni, hapa Mombasa, anaisikia amri hiyo ya nyumba kwa namna yake. Tunaishi katika Kisauni ya wapangaji, na pia ya watu waliojenga nyumba juu ya ardhi isiyo yao, wanaomlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja na kulala na hofu ya kufukuzwa. Tunajua kwamba anayekusanya kodi hatungi kwa urahisi sheria ya kumlinda mlipaji.

Lakini tuulize: kiongozi akivunja amri, nani atamshika? Azimio lote halina kifungu kinachompa raia njia ya kumshtaki. Chama kinaamini, chama kinaelekeza, chama kinakataza. Raia aliyefungua hati kwa heshima kubwa anaifunga akiwa mtu wa kuambiwa ajitume. Ndiyo maana wakulima walipohamishwa kwa nguvu katika operesheni za vijiji miaka ya 1970, hawakuwa na kifungu cha kushika. Na chama kilichoirithi TANU kilipozilegeza amri za uongozi huko Zanzibar mwaka 1991, hakuna aliyekuwa na haki ya kukizuia.

Kenya ilichagua umbo jingine. Waraka wa 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika ulitolewa kwa Kiingereza, kwa aya zenye nambari na sauti ya wachumi. Haukuomba kupendwa na mwananchi, naye hakuupenda. Katiba ya 2010 imejaribu kuziba pengo: Sura ya Sita inawawekea viongozi maadili, na kifungu cha 258 kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani Katiba inapovunjwa. Hapo hatimaye mtendaji ni raia. Kinachokosekana bado ni ule ukali wa Arusha. Sura ya Sita kwa sehemu kubwa inazungumza juu ya uadilifu kwa maneno mapana, ilhali Azimio lilitaja waziwazi nyumba na hisa. Sheria ya uongozi inayotufaa ni ile itakayoyataja makosa kwa majina yake na kumpa mpangaji wa Kiembeni uwezo wa kuyashtaki.