Kutoka Faragha hadi Pensheni: Neno "Retirement" na Wasomaji Wake

Wanafunzi wetu wanaosoma fasihi ya Kiingereza hulifikia neno "retirement" wakiwa wamekwisha kulijua. Katika kamusi wamelikuta likifasiriwa kuwa kustaafu; na kwa kuwa wengi wao wameingia katika Kiingereza kwa mlango wa Kifaransa, hulilinganisha mara moja na "retraite" ya maofisini. Kisha hulichukua pamoja na maana hiyo hadi katika maandishi ya karne ya 17 na ya 18, na hapo ndipo usomaji unapopotoka. Tunadai katika makala haya kwamba upotofu huo si jambo dogo la msamiati. Unageuza tabia za wahusika, na mahali pamoja umesaidia kuimarisha hadithi nzima juu ya maisha ya mshairi mkubwa.

Kitenzi "retire" kiliingia katika Kiingereza mnamo miaka ya 1530 kutoka Kifaransa "retirer", ambacho maana yake ni kuvuta nyuma. Kilitumika vitani, kwa jeshi linalorudi nyuma; na wakati uleule kilitumika kwa mtu anayejiondoa mbele za watu ili akae peke yake. Jina "retirement" lilifuata mwishoni mwa karne hiyo. Maana ya kuacha kazi inaonekana tangu miaka ya 1640, lakini kwa muda mrefu ilikaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa kitini. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, anatanguliza makao ya faragha na maisha ya faragha. Habari ya ofisi na ya malipo ya uzeeni haimo. Tena neno "pension" lenyewe alilieleza kwa kejeli, kuwa ni ujira apewao kibaraka wa serikali kwa kuisaliti nchi yake. Mwaka 1762 yeye mwenyewe alikubali kupokea pauni 300 kila mwaka kutoka kwa mfalme, na adui zake hawakumwacha asahau aliyoyaandika. Jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni kwamba malipo hayo yalikuwa fadhila ya mkubwa. Hayakufungamana na umri wala na kuacha kazi.

Basi mtu wa zamani aliyejitenga alikuwa nani? Mfano ulio bora tunaupata Ufaransa. Montaigne aliacha kazi yake ya hakimu huko Bordeaux mwaka 1570, na mwaka uliofuata, alipotimiza miaka 38, alijifungia katika mnara wa nyumba yake pamoja na vitabu vyake. Miaka 38 si uzee. Wala mlango haukufungwa nyuma yake: kutoka mwaka 1581 hadi 1585 alikuwa meya wa mji uleule. Kujitenga kwa namna hiyo kulikuwa na mahali pake (mnara, bustani, shamba), kulikuwa na mwenye kukuchagua, na kuliruhusu kurudi. Ukimsikia mwandishi wa wakati ule akilitaja neno hili, swali linalofaa kumwuliza ni: wapi? Leo sisi tunauliza: lini?

Sasa tumtazame Prospero. Katika tamthilia ya Shakespeare "The Tempest", iliyoandikwa mnamo mwaka 1611 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Samuel Mushi kwa jina la "Tufani" (1969), mtawala huyo wa Milan anasema mwishoni kwamba atakwenda Naples kuishuhudia ndoa ya binti yake, kisha atakwenda Milan, ambako theluthi ya mawazo yake itakuwa juu ya kaburi. Kitenzi alichotumia kwa safari hiyo ya Milan ni "retire". Msomaji wa leo husikia mzee anayestaafu. Lakini Milan ndiko ulipo utawala wake! Huko alinyang'anywa kiti na ndugu yake Antonio, na sababu ya kunyang'anywa ilikuwa hiyohiyo faragha: alijifungia na vitabu, akamwachia ndugu yake shughuli za nchi. Miaka 12 amekaa kisiwani. Anaporudi anakwenda kushika tena kazi aliyoipuuza. Neno linachukua maana mbili za kale kwa pamoja, kurudi na kutulia, na mshairi hakutuamulia ipi ina uzito zaidi. Kaburi analolitaja linatuzuia tusiseme kwamba ni kurudi kazini tu. Lakini kustaafu sivyo.

Hapa ndipo hadithi ilipoota mizizi. Tangu karne ya 19 wahakiki wengi wamependa kumwona Prospero kuwa ni Shakespeare mwenyewe akiaga jukwaa, na jinsi maana mpya ya neno ilivyozidi kukomaa ndivyo hadithi hiyo ilivyozidi kuonekana dhahiri. Mzee anavunja fimbo yake, anazamisha kitabu chake, anakwenda nyumbani; nini zaidi? Ukweli ni kwamba Shakespeare aliendelea kuandika baada ya hapo, akishirikiana na John Fletcher katika "Henry VIII", iliyochezwa mwaka 1613, na katika "The Two Noble Kinsmen". Hatusemi kwamba neno moja ndilo lililoizaa hadithi ya kuaga. Tunasema kwamba sikio la leo linaipokea kwa urahisi mno.

Katika karne ya 18 neno lilifikia kilele cha heshima yake. Kuishi mbali na mji mkuu, kwenye shamba lenye miti na maktaba, lilikuwa jambo la kusifiwa na washairi wasiohesabika, wengi wao wakiigana bila haya. William Cowper alilifanya kuwa jina la shairi refu mwaka 1782, na humo anamwonyesha mwanasiasa anayekimbilia shamba kwa shangwe, anachoka upesi, kisha anarudi alikotoka. Cowper alijua anachokisema: faragha haimfai kila anayeitamani. Hata wakati huo, hata hivyo, mlango ulikuwa wazi pande zote mbili.

Yafaa tuongeze kwamba heshima hii iligawanywa vibaya. Mwanamume alijitenga baada ya kushiriki mambo ya dunia; mwanamke alisifiwa kwa kutoyashiriki kamwe. Katika nyumba za matajiri wanawake waliondoka mezani baada ya chakula wakawaachia wanaume mvinyo, nao wakaenda kukaa katika "drawing-room". Jina hilo ni kifupisho cha "withdrawing-room", chumba cha kujitengea; na chumba hicho, kwa kinyume cha ajabu, kikawa ndicho cha kupokelea wageni.

Mahali neno lilipogeuka panaweza kuonyeshwa karibu kwa kidole. Mwezi wa Machi 1825 Charles Lamb, karani wa Kampuni ya India Mashariki mjini London, aliruhusiwa kuacha kazi baada ya miaka 33, akiwa na umri wa miaka 50 na malipo ya maisha. Miezi miwili baadaye alichapisha insha "The Superannuated Man". Msimulizi wake anafunguliwa kama mfungwa wa Bastille: hajui afanye nini na siku zake, Jumapili haina tena ladha yake, na anapowatembelea wenzake wa zamani anakuta meza yake na hata mahali alipotundika kofia vimepewa mtu mwingine. Mwishoni anajipa jina jipya, nalo amelitoa kwa Milton. Katika "Il Penseroso", shairi lililochapishwa mwaka 1645, Milton aliufanya Wasaa kuwa mtu anayetembea katika bustani zilizotengenezwa vizuri, akauita kwa sifa ya "retired", yaani uliojitenga. Lamb anajivika sifa hiyo. Kwa Milton ilimhusu mwenye kuitafuta hekima mbali na kelele. Kwa Lamb inamhusu karani aliyemaliza miaka yake. Ni neno lilelile, bustani zilezile, lakini katikati pameingia daftari la mishahara. Lamb anacheka, na kicheko chake kina huzuni, kwa maana anajua kwamba hakuichagua siku.

Yaliyofuata ni kazi ya sheria zaidi kuliko ya washairi, nasi tutayapitia upesi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1908 iliwapa maskini wenye miaka 70 hadi shilingi 5 kwa juma, lakini iliyaita malipo hayo ya uzee. Sheria ya mwaka 1946 ndiyo iliyoleta "retirement pension": mwanamume wa miaka 65 au mwanamke wa miaka 60 alipaswa pia awe ameacha kazi ya kudumu ndipo alipwe, sharti lililodumu hadi 1989. Kwa hiyo jambo ambalo Montaigne alilifanya mnarani bila kumwuliza mtu sasa lilihitaji kuthibitishwa mbele ya afisa. Na kitenzi kikapata mtendwa: mtu anaweza kuondolewa kazini na mwajiri wake, na Kiingereza kikasema "retired" vilevile. Katika filamu "Blade Runner" (1982) ndilo neno la kuwaulia watu wa kutengenezwa.

Mfasiri wa Kiswahili ana bahati ambayo mara nyingi haitumii. Lugha yetu imetenganisha yale ambayo Kiingereza kimeyachanganya. Kustaafu, neno la asili ya Kiarabu, chanzo chake ni kuomba kusamehewa kazi. Ndani yake mna mkubwa anayeombwa. Kinazaa kustaafisha na kustaafishwa, ambavyo vinatuambia wazi nani ametenda na nani ametendwa. Kujitenga kina kiambishi -ji-, nacho kinalingana na matumizi ya Shakespeare mwenyewe, maana Prospero anasema kwamba anajirudisha. Utawa una dini ndani yake, na pia kukaa ndani kwa wanawake wa pwani ya zamani. Faragha ina utajiri wa pekee, kwani asili yake ya Kiarabu ni utupu na nafasi ya kutokuwa na shughuli. Upweke na wasaa vimo katika neno moja, kama Milton alivyotaka viwe.

Kwa hiyo Cowper aitwe "Faragha". Prospero ajirudishe Milan, bila kustaafu. Lamb ndiye mwenye kutusumbua, kwa sababu insha yake inaishi katikati ya maana mbili, na ukichagua neno moja umeua kicheko chake. Sisi tungempa kustaafu kote katika insha, kisha pale anapojivika sifa ya Milton tungemwita Faragha, kwa herufi kubwa, na kumwachia msomaji ashtuke.