Kwaheri pointi: distributa ya LiteAce ndani ya Corolla

Kwa miaka mingi fila geji ilikaa kwenye mfuko wa mlango wa gari langu. Corolla KE70, injini ya 4K, sentimita za ujazo 1,290. Ikianza kusitasita nilijua la kufanya: fungua kifuniko cha distributa, piga pointi msasa, rudisha nafasi yake iwe milimita 0.45, funga, ondoka. Sasa kazi hiyo imekwisha. Distributa, koili na ignaita zilizomo leo zote zimetoka kwenye LiteAce moja iliyokatwakatwa kwa ajili ya spea.

Mfumo wa pointi ni kazi ya Mmarekani Charles Kettering, na Cadillac ziliutumia kuanzia magari ya 1910. Ni mfumo mwepesi kuuelewa. Pointi zikigusana, umeme unapita kwenye koili na kujenga sumaku. Zikiachana, sumaku inaanguka ghafla na cheche inaruka kwenye plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinaachana mara 100 kila sekunde. Kila mara chuma kinaungua kidogo, hata kondensa ikiwa nzima. Na kile kipande cha plastiki kinachosuguliwa na kemu kinalika, nafasi inapungua, cheche inachelewa. Gari linakunywa mafuta zaidi na dereva analaumu kabureta.

Udhaifu mkubwa zaidi hauonekani kwa macho. Pointi hazivumilii mkondo unaozidi sana ampea 4, kwa hiyo koili yake hubanwa kwa rezista ili isivute umeme mwingi. Nishati ya koili inakwenda kwa mraba wa mkondo: ukipata nusu ya mkondo, cheche inabaki na robo ya nguvu. Kwenye mizunguko 6,000 koili ina kama milisekunde 3 tu za kujaa, na haijai. Ndiyo maana gari la pointi likikimbia sana linaanza kumisi.

LiteAce niliyoikuta kwa wauza spea wa Gerezani ilikuwa na injini ya 5K, ndugu wa 4K, na distributa yake inaingia kwenye tundu lile lile bila kuchonga chochote. Ndani yake hakuna swichi. Kuna kigurudumu cha meno manne kinachopita mbele ya koili ndogo ya ishara bila kuigusa, kikiacha upenyo wa milimita 0.2 hadi 0.4. Ishara hiyo inaiamuru ignaita, na transista ya ignaita ndiyo inayokata umeme wa koili kubwa.

"Bosi, hii haijaguswa na fundi yeyote," muuzaji aliniambia. Sikumbishia, nilitoa mita. Koili ya ishara ilisoma om 160, na inayotakiwa ni 140 hadi 180. Nikahamishia mita kwenye volti za AC, nikazungusha shafti kwa vidole, na kila jino lilipopita tarakimu ziliruka. Mwisho nikaitikisa shafti kushoto na kulia, haikucheza. Nikamwomba akate waya mbali na soketi, anipe na koili pamoja na ignaita vya gari hilo hilo. Huko mbele hutakuwa na nyaraka, kwa hiyo seti iliyofanya kazi pamoja ina thamani kuliko vipande vitatu vizuri kutoka magari matatu. Kabla hajakata nilifuata waya zake: hazikupitia rezista yoyote.

Kuifunga distributa kunataka utulivu mahali pamoja. Gia ya distributa imekatwa kwa mshazari, kwa hiyo shafti inajizungusha kidogo kadiri inavyoshuka. Unaianza ikiwa nyuma kidogo ya alama. Tena ncha yake ya chini lazima iingie kwenye mfuo wa shafti ya pampu ya oili, kwa sababu kwenye injini hizi distributa ndiyo inayoizungusha pampu. Ukiona kitako kimebaki juu kwa milimita chache, usikaze boliti ili kishuke. Ing'oe, geuza mfuo wa pampu kwa bisibisi ndefu, rudisha. Anayelazimisha hapo anaweza kuwasha injini isiyo na oili.

Injini ilishika kwa mzunguko mmoja wa starta. Furaha ilidumu hadi tulipoanza kupandisha kuelekea Kimara, gari likamisi kama mgonjwa wa kifua. Fundi niliyekuwa naye alishuku ignaita ya mtumba, nami karibu nirudi kudai hela. Tulipopima tukiwa tumewasha, betri ilikuwa na volti 14 na ignaita ilikuwa ikipata 8 na ushei. Tulikuwa tumeunga waya wake mahali ulipokuwa waya wa koili ya zamani, yaani baada ya rezista nyeupe ya kauri. Starta ikizunguka rezista ile inarukwa, ndiyo maana gari lilishika vizuri. Tukaweka rilei inayochukua umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, waya wa zamani wa swichi ukabaki kuiamuru rilei tu. Tukakwangua rangi chini ya bati la ignaita, maana ethi yake na ubaridi wake vyote vinapitia hapo. Kumisi kukakoma.

Baada ya hapo plagi nilizipanua kutoka milimita 0.8 hadi 1.1, kwa kuwa sasa kuna nguvu ya kuruka upenyo huo. Taimingi nilirudi nayo nyuma kidogo, sababu vyuma vya kuisogeza ndani ya distributa vimepimwa kwa injini ya 5K, na yangu ilikuwa inagonga ikibebeshwa mzigo kwenye gia ya nne.

Pointi huchoka taratibu na kukuonya. Ignaita hufa palepale. Kwa hiyo chini ya kiti nimeweka distributa ya zamani, koili yake na rezista yake, vimefungwa kwenye kitambaa kimoja pamoja na fila geji.