Baa za Mlango wa Siri

Sheria iliyoharimisha uuzaji wa pombe katika Marekani ilianza kutumika Januari 1920 ikafutwa Desemba 1933; lakini zile baa za siri zilizostawi katika muhula huo, ambazo kwa mujibu wa akili zingepasa kufa pamoja na sheria yenyewe, zingali zikiwavuta watu wa New York hata leo, nami naona wana haki ya kuvutwa.

Katika 21 Club, mojawapo ya baa hizo, mtaa wa 52, mlango wa ghala la mvinyo, wenye uzito wa zaidi ya tani mbili, ulifanana na ukuta mtupu wa matofali, wala haukufunguka ila kwa waya mwembamba uliopenyezwa katika kitundu chake maalumu.

Siku hizi hakuna askari wa kuogopwa. Hata hivyo Sasha Petraske, alipofungua baa yake ya Milk & Honey katika Eldridge Street mwishoni mwa 1999, hakutundika kibao; alimtaka mgeni apige simu kwanza, asipige kelele, na akiwa mwanamume asijijulishe kwa bibi asiyemjua; na barafu ilikatwa mapande makubwa yasiyoyeyuka upesi, ili kinywaji kipoe bila ya kuzimuliwa. Ni staha hiyo, zaidi ya mlango uliofichwa, inayostahili pongezi zetu.

Petraske alifariki 2015. Na katika nyumba ile ile ya Eldridge Street wanafunzi wake wawili wanaendesha Attaboy, isiyo na orodha ya vinywaji, ambamo mgeni huulizwa taratibu ladha aipendayo, kisha akatengenezewa.